Mleta Maziwa wa Kitabuni

Sura ya Saba

Kijiji kikishaamua nani ameua, polisi akifika huulizwa jambo moja tu: anamchukua lini. Ndivyo alivyopokelewa Mkaguzi Msaidizi Rhoda Ambokile Jumanne ile, saa tatu na nusu asubuhi, nyumbani kwa Mzee Waitara, mwenyekiti wa kijiji kimoja cha kata ya Nyanungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Kumchukua nani?"

"Robi." Mzee alimsogezea kiti cha plastiki kwa mguu. "Sisi hapa tumeshamaliza. Leo saa tisa kuna iritongo, wanakuja wote. Kama una pingu zilete mapema. Baada ya saa tisa sikuahidi kitu."

Rhoda alikaa. Miaka miwili ya kazi Tarime ilikuwa imemfundisha iritongo ni nini. Ni mkutano wa kijiji kizima, na ukishatoa neno hakuna hakimu wa kulirudisha. Aliwahi kufika kwenye nyumba moja asubuhi baada ya mkutano kama huo: kuta zimesimama, mabati yamekunjika kwa moto, watoto wako barabarani na godoro moja. Robi, au Mama Kezia kama majirani walivyomwita, alikuwa mjane mwenye watoto watatu na ng'ombe wanne wa maziwa. Kufikia jioni angeweza kuwa hana nyumba wala ng'ombe, na yeye mwenyewe Mungu ndiye ajuaye.

Yaliyokuwa wazi yalikuwa machache. Baltazar, ofisa mifugo wa kata, alikufa Jumamosi jioni baada ya kunywa kikombe cha maziwa mgando nyumbani kwa Mwalimu Eugenia. Hapo watu wanne watano walikutana kila Jumamosi kunywa chai na kusomewa hadithi za upelelezi za Kiingereza. Maziwa yalitoka kwa Robi. Daktari wa wilaya alinusa kikombe, akasema hana haja ya kusubiri majibu ya Mkemia: hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Dawa ya kupe iko kila nyumba hapa," alisema Rhoda. "Hata kwako ipo."

"Ipo. Lakini maziwa hayakuwa yangu. Na kitabu je?"

"Kitabu gani?"

Mzee Waitara alifurahi, na wala hakuficha. "Hujui? Na mpelelezi ni wewe. Kitabu walichosoma siku hiyo hiyo. Mwanamke mleta maziwa anamtilia bwana mkubwa sumu kwenye maziwa. Mwisho wa kitabu ndio huo. Robi amekaa pale anajifunza. Huyo mwalimu wa Bukoba anawafundisha wanawake wetu kuua kwa Kiingereza."

"Amejifunza saa kumi na moja, na saa kumi na moja na robo ameshaua? Mwepesi kweli huyo."

Mzee alikuna kidevu. "Labda aliambiwa mapema."

"Nani alikwambia habari za kitabu?"

"Mwalimu Osward. Alikuwapo kwa macho yake. Na yule si mgeni tena, ni mkwe wetu, amemuoa Ghati wa kwa Kisyeri. Mtu hawezi kuwadanganya wakwe zake."

Rhoda aliandika jina, akapiga mstari chini yake. Kwenye mkoba alikuwa na daftari la marehemu Baltazar, lile la kuandikia ng'ombe waliovishwa hereni za utambuzi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno yaliyomnyima raha tangu Jumapili: *Kwa Mzee Kisyeri, ng'ombe wawili, chapa imechomwa juu ya chapa. Za Issenye? Kurudi Jumatatu.* Issenye, kule Serengeti, ng'ombe waliibwa mwaka juzi, na Baltazar hakuiona hiyo Jumatatu. Lakini kwenye chai hakukuwa na mtoto wa Kisyeri hata mmoja, na Rhoda alikuwa ameshaanza kuliona daftari lile kama mzigo wa bure. Sasa akasikia mkwe.

Aliaga, akawasha pikipiki.

*

Mwalimu Eugenia alikuwa amelitoa sanduku la vitabu katikati ya sebule na kulifunga kamba, kama mtu anayehama. Macho yalimvimba. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya darasani hata akiwa na huzuni.

"Vichukue, afande. Jana wamepita vijana hapa nje wanasema watavichoma. Bora mchome nyie."

"Mimi sichomi vitabu. Kaa. Niambie kwanza unavipendea nini."

Eugenia hakutegemea swali hilo. Alikaa kwenye mkono wa kochi. "Niliripoti hapa mwaka ule koo mbili zilipopigana kwa ajili ya malisho. Siku nne nimejifungia humu, nasikia mayowe tu. Sanduku lilikuwa stoo ya shule, wafadhili walilileta, panya wameshakula majalada. Nikafungua kimoja. Kijiji cha Uingereza. Mvua, maua, kanisa, mke wa mchungaji anafuga nyuki na ndiye anayepeleleza. Anakufa mtu mmoja, tena mchoyo, hakuna anayemlilia sana. Watu wanahojiwa huku wakinywa chai. Mwisho mwuaji anajulikana, anachukuliwa, na kesho yake wanaendelea na maonyesho ya maboga." Alicheka kidogo, akajifuta pua. "Nilikitamani hicho kijiji. Kijiji ambacho anakufa mtu mmoja halafu yanaisha."

"Na polisi wa humo?"

"Polisi wa humo... si mwerevu sana."

"Nimeona," alisema Rhoda. Jumapili, alipokuja kuchukua kikombe, alikuwa amepekua viwili, akavifunga kwa hasira. "Haya. Jumamosi. Nani alikaa wapi?"

Eugenia alionyesha kwa kidole. Yeye mwenyewe kwenye kiti cha dirishani, akisoma Kiingereza na kutafsiri hapo hapo, maana Robi hajui Kiingereza. Mbele yake Naomi, muuguzi wa zahanati. Pembeni Robi, kwenye mkeka, hataki kiti. Baltazar kwenye kochi. Osward nyuma ya wote, karibu na mlango wa jikoni, maana ana miguu mirefu.

"Maziwa?"

"Robi aliyaleta kwenye kibuyu, kama kawaida. Baltazar alikuwa na vidonda vya tumbo, chai hanywi. Nikamjazia kikombe chake cha kijani, nikakiacha mezani jikoni."

"Kwa nini hukumpa?"

"Ilikuwa sura ya mwisho. Nimeweka sheria hapa, sura ya mwisho hakuna kula wala kunywa wala simu, mpaka mwuaji ajulikane."

"Kwa hiyo kikombe kilikaa peke yake muda gani?"

"Nusu saa. Na mimi ndiye niliyekibeba mpaka mkononi mwake." Hapo sauti ya darasani ilimkatika. "Hakunusa chochote. Sisi pia hatukunusa. Baltazar alikuwa ananuka dawa ya kupe siku zote, mpaka shati la kanisani."

"Nani aliinuka?"

"Sijui. Nilikuwa nasoma. Wote walikuwa wananitazama mimi."

"Na hadithi iliishaje?"

Eugenia alishika kamba ya sanduku, akaiachia. "Iliisha tu, afande. Mwuaji alijulikana. Ina maana gani sasa?"

Kazini Rhoda alishazoea kwamba mtu akiulizwa jambo dogo akajibu kwa swali, hapo pana kitu. Alifungua kamba, akatoa kitabu cha juu kisicho na jalada. "Ni hiki?"

"Ndicho. Osward alikiazima Alhamisi, akakirudisha siku hiyo hiyo ya Jumamosi."

"Naondoka nacho," alisema Rhoda, na akaona rangi ya mwalimu inabadilika.

*

Kwa Robi hapakuwa na mgeni. Kibuyu kilikuwa kimeegemezwa ukutani na maziwa ya asubuhi yamo ndani, hakuna mteja aliyekuja. Robi alikuwa anachambua mtama uani, mwanamke mrefu mkavu, na hakuacha kuchambua.

"Karibu, afande. Wewe wa kwanza tangu Jumapili. Hata Ghati pale jirani hachukui tena maziwa. Anapita na mtoto mgongoni, anaangalia chini."

"Robi, nani mwingine aligusa kibuyu?"

"Mimi na mkono wangu. Nilikamua, nikagandisha, nikabeba. Watoto wangu walikunywa humo humo asubuhi ile. Unawaona wale?" Watoto watatu walikuwa kwenye kizingiti, wanamkodolea polisi macho. "Wangekuwa hai?"

"Hilo watu hawalijui?"

"Nani aliniuliza?" Aliweka ungo chini. "Ndicho nilichopenda kwenye hadithi za mwalimu. Kule wanauliza kwanza. Mpaka mpishi anaitwa, anakaa kwenye kiti cha kitambaa, anaeleza alikuwa wapi. Sisi hapa tunaanza na kiberiti, maswali baadaye."

Rhoda alijizuia asicheke. "Hiyo ya Jumamosi iliishaje?"

Na hapo yule mama, ambaye saa tisa ilikuwa inamsubiri, aliinua kichwa, uso ukachangamka. "Daktari! Yule aliyekuwa anamtibu bwana mkubwa. Kila siku anakuja na mkoba, anamuuliza tumbo linaendeleaje, kumbe ni yeye. Nilipiga makofi, nikasema si niliwaambia? Mimi yule daktari nilimshuku tangu aliposifia bustani."

"Daktari. Si mleta maziwa?"

"Mleta maziwa alikuwa binti mzuri. Aliolewa mwishoni."

Rhoda hakuandika. Hivyo sivyo alivyosema Waitara. Alitaka kumwamini mwanamke huyu, na kutaka kuamini ni ugonjwa mbaya kwa mpelelezi.

"Jambo jingine. Mzee Kisyeri ana ng'ombe wawili wenye chapa mbili mbili. Unawajua?"

Robi alitazama njiani kwanza. "Nani hawajui? Ni mahari ya Ghati. Mwalimu Osward alikuja nao sita siku moja, wote kwa mpigo, watu wakashangaa mgeni kapata wapi. Na Kisyeri hakukaa nao wote. Wanne kati yao Heche, kaka yake Ghati, ameshaolea."

"Ameolea ng'ombe hao hao?"

"Afande, wewe kwenu Mbeya mnafanyaje sijui. Hapa dada akiolewa, ng'ombe zake ndizo kaka anaoa nazo. Ukisema leo zile ni za wizi, zirudi kwao, Ghati anarudi kwa baba, mke wa Heche anarudi kwa baba yake. Ndoa mbili zimekufa siku moja." Aliokota ungo. "Lakini mimi nisikilizwe na nani? Mtu aliyebanwa anarusha jiwe popote. Ndivyo utakavyosema."

Ndivyo hasa Rhoda alivyokuwa anafikiri.

Alipofika kwenye pikipiki alikaa juu ya kiti, akafungua sura ya mwisho ya kitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kozi za polisi, lakini kilitosha. Alisoma kurasa tisa. Hakukuwa na ndoa yoyote. Daktari alikuwa mzee mwema wa watu. Aliyetia sumu alikuwa msichana mleta maziwa, na walimkamata zizini akiwa bado na ndoo.

Kwa hiyo Waitara alisema kweli, Osward alisema kweli, na Robi alikuwa amemdanganya mchana kweupe huku akitabasamu. Rhoda alikifunga kitabu. Saa ilikuwa sita na dakika arobaini.

*

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kumfunga pingu Robi, na angeitwa shujaa mpaka Nyamongo. Lakini Rhoda ana tabia moja inayowaudhi wakubwa zake: shahidi wa tatu hamwachi, hata kama wawili wameshakubaliana. Alikwenda zahanati.

Naomi alikuwa anapima uzito watoto. Hakuacha kazi.

"Nilimpeleka mwenyewe hapa, afande. Mate, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje. Niliitambua dawa kabla hajalazwa. Dawa ya kuizuia hatukuwa nayo. Nimeshaeleza."

"Nataka kitu kingine. Jumamosi, kwenye hadithi, nani aliua?"

Naomi alimwangalia kama mtu anayetaniwa msibani. "Hadithi? Daktari. Nilinuna kabisa. Kila kitabu sisi watu wa afya ndio tunasingiziwa. Robi akapiga makofi."

Kalamu ya Rhoda ilisimama. "Una hakika? Watu wanasema mleta maziwa."

"Watu wanatia chumvi. Mleta maziwa aliolewa."

Rhoda alitoka nje, akapanda kwenye kichuguu ambako mtandao hupatikana, akampigia Eugenia. "Mwalimu. Kitabu kinasema msichana wa maziwa. Wewe ulisoma daktari. Umenificha nini?"

Eugenia akasema kwa sauti ndogo: "Nilibadilisha."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimefika pale mke wa mchungaji anainua kidole. Nikamwangalia Robi pale mkekani. Yeye ndiye anatuletea maziwa, kila Jumamosi, hataki tumshukuru. Na alikuwa anampenda yule binti, tangu sura ya kwanza anaulizia ataolewa na nani. Nitamwambiaje kwamba ni yeye? Nikampa daktari. Na harusi nikaiweka." Alivuta pumzi. "Halafu Baltazar akaanguka. Baadaye nikasikia kijijini wanasema mleta maziwa, nikajua kuna mtu amesoma kitabu chenyewe. Niliogopa, afande. Nilifikiri ukijua kitabu kinasema hivyo, na wewe utamkamata."

"Mwalimu, nani mwingine anajua kwamba ulibadilisha?"

"Hakuna. Ndiyo kwanza nasema."

Rhoda alibaki amesimama juu ya kichuguu. Waliokuwa sebuleni wote walisikia daktari. Mmoja tu ndiye aliyesikia mleta maziwa, na huyo alikuwa amekaa na kitabu tangu Alhamisi. Hakusikia sebuleni. Alisoma mapema, ili akiulizwa hadithi iliishaje awe na la kujibu.

Alipiga simu ya pili, kwa mwenzake wa Serengeti, kuuliza chapa za ng'ombe walioibwa Issenye mwaka juzi. Ya tatu ilikuwa kwa Koplo Elia wa kituoni kwake, aje na gari, apitie barabara ya nyuma ya shule, king'ora kisisikike.

*

Osward alimpokea kwenye ofisi ya walimu. Wenzake walikuwa wameshaondoka kwenda kuwahi nafasi mkutanoni. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwalimu wa hesabu aliyetoka Sumbawanga miaka sita iliyopita, na watu walimpenda.

"Maskini Robi," alisema. "Sikutaka kusema, afande. Ila mwenyekiti aliuliza."

"Ulifanya vizuri. Nataka tu iwe kwenye maandishi." Rhoda alitandaza karatasi. "Ulikaa karibu na mlango wa jikoni?"

"Ndiyo."

"Uliinuka?"

"Sikuinuka. Sura ya mwisho haiinukwi, muulize Eugenia."

"Ulisikia mpaka mwisho?"

"Neno kwa neno."

"Nieleze."

Alieleza, tena vizuri, kama anavyoeleza hesabu: mke wa mchungaji akainua kidole, watu wote wakageuka, msichana wa maziwa akakimbilia zizini, akakamatwa na ndoo mkononi. Hakukosea hata rangi ya ndoo. Rhoda aliandika yote polepole.

"Na Robi alifanyaje mlipofika hapo?"

Osward angeweza kusema hakuangalia. Lakini mtu akishaanza kumsukuma mwenzake shimoni, huwa anataka kuona amefika chini. "Alitabasamu," alisema. "Nilimwona mimi mwenyewe. Alitabasamu hivi, kwa chini chini."

"Kwa masikio yako ulisikia, na kwa macho yako ukaona."

"Kabisa."

"Weka sahihi hapa. Na hapa."

Aliweka. Rhoda alisubiri wino ukauke, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni na kufunga kifungo.

"Mwalimu, mwisho huo haukusomwa Jumamosi."

Osward alitabasamu, akidhani hakuelewa vizuri.

"Eugenia aliubadilisha pale pale, akitafsiri. Alisema ni daktari. Naomi anajua, Robi anajua. Robi hakutabasamu, alipiga makofi mpaka Naomi akanuna. Wewe ndiye hujui. Ulikuwa jikoni."

Alimwona anahesabu. Mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu: macho yalikwenda dirishani, mlangoni, kwenye mfuko wa Rhoda, yakarudi. Kisha mabega yakashuka.

"Wale ng'ombe niliwanunua," alisema. "Nakuapia. Jamaa alinifuata, nilikuwa mgeni, natafuta mahari, akanipa bei nzuri. Niligundua baadaye. Nilimwomba Baltazar aniache. Akasema kazi ni kazi, Jumatatu anakuja na hereni. Ghati alikuwa ameshajifungua, afande. Heche ameshaoa."

"Na Robi? Naye ulimwomba?"

Rhoda alikuwa na hasira ambayo hakuitegemea. Alimfunga pingu akizikaza tundu moja zaidi ya kawaida, kisha akazilegeza, maana hakutaka kulibeba hilo pia. Koplo Elia alikuwa ameshafika nyuma ya stoo. Saa nane na nusu gari lilishuka njia ya nyuma kuelekea Tarime, Osward amelala chini ya viti.

Rhoda hakupanda gari. Alikuwa ameshafanya uamuzi njiani. Jina hatalitaja. Akilitaja, vijana watafukuzia gari, na wakilikosa gari watakwenda nyumbani kwa mwalimu, na mle mna mke na mtoto mchanga. Atawaambia kwamba Robi hana hatia, basi. Mengine mahakama itasema. Uamuzi mzuri, safi, wa mtu asiyezaliwa pale.

*

Uwanja wa josho ulijaa. Wanaume upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine chini, wamekaa juu ya kanga. Robi alikuwa miongoni mwa wanawake, na kumzunguka palikuwa pameachwa wazi, hatua tatu kila upande. Watoto wake hakuwaleta.

"Afande yuko peke yake," alisema Mzee Waitara kwa sauti ya mkutano. "Haya, aseme."

Rhoda hakupanda jukwaa lolote, lilikuwa halipo. Alisimama tu mbele yao na kofia kichwani. "Robi hakuua. Maziwa yake yalikuwa safi, watoto wake waliyanywa siku ile. Sumu ilitiwa jikoni na mtu mwingine. Habari kwamba hadithi ya Jumamosi iliishia kwa mleta maziwa ni uongo. Waliokuwapo wote wameniambia, na nimeandika. Mtu huyo nimeshamkamata, ameshaondoka. Atashtakiwa."

Minong'ono ilipanda. Kijana mmoja mbele alipiga fimbo chini. "Jina!"

"Jina litasomwa mahakamani."

"Sisi ndio tulizika," alisema mwingine. "Tupe jina."

"Sitoi."

Mzee Waitara hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, akanyamazisha watu, akamwangalia Rhoda, na haikuwa kwa chuki. "Mwanangu," alisema, "hapa tunajuana. Jina si lazima litajwe."

Akageuka, akaanza kuangalia watu. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Vichwa viligeuka kwa wanaume, kwa wanawake, mstari kwa mstari, kila mmoja akimtafuta asiyekuwapo. Muuguzi yupo, anaonekana kwa gauni lake jeupe. Mwalimu Eugenia yule, nyuma. Walimu wengine wale, wamesimama pamoja. Ndipo Rhoda alipoelewa alichokifanya. Haikuchukua hata dakika mbili.

Upande wa wanaume Mzee Kisyeri aliinama, akashika magoti yake, na Heche aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake akaondoka bila kuaga. Upande wa wanawake, Ghati alikuwa amekaa karibu na mwisho wa safu, msichana wa miaka ishirini na mbili, mtoto amempakata, bado anageuza kichwa huku na huku kama wenzake, anamtafuta na yeye. Mwanamke wa kulia kwake akakunja kanga, akahama. Wa kushoto akahama. Wa nyuma wakarudi nyuma kwa makalio, polepole, mmoja mmoja. Ghati aliwaangalia wakihama. Kisha akaacha kutafuta.

Rhoda alipiga hatua moja kwenda kwake, akasimama. Angefika pale na magwanda yake kumwambia nini?

Robi aliinuka. Watu wakanyamaza kabisa, maana alikuwa na haki ya kufanya lolote, na kila mtu alijua. Alipita katikati yao na kanga mkononi, hana haraka, mpaka penye nafasi ile mpya. Aliitandika, akakaa, bega kwa bega na Ghati, uso umeelekea mbele kwa wanaume. Hakumshika mkono. Hakumwangalia.

"Mama Kezia," alisema Ghati, sauti haitoki vizuri. "Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Robi. "Mnyonyeshe mtoto, analia."